Maji Yasiyongoja Sala

Mtu akikwambia kuuguza ni kazi ya mapenzi, mwulize ameuguza nani na kwa muda gani. Severina alikuwa anamwuguza mume wake mwaka wa sita sasa. Mapenzi yalikuwepo, hayakuwa yamekwenda popote, lakini mapenzi hayamwinui mtu mzima kitandani. Kinachomwinua ni mgongo, na mgongo wa Severina ulikuwa umechoka.

Walikaa huku juu Gitting, upande ule ambao ukungu wa mlima Hanang ukishuka asubuhi huoni hata zizi lako mwenyewe. Mume wake, mzee Sulle, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, watu wakamtania kwamba anahesabu ng'ombe wa jirani. Ukapanda mkono mzima, ukashuka mguuni, mwisho ukaenda kukaa usoni na kooni. Daktari wa hospitali ya Haydom aliwaambia unaitwa Pakinsoni, kwamba hauponi, ila vidonge vitaupunguza makali. Kweli vilipunguza. Lakini uso wa mzee uliganda. Ukimtazama huwezi kujua kama amefurahi, amekasirika au amesinzia. Na ile sauti iliyokuwa inasikika mpaka ng'ambo ya korongo akiita mbwa, ilibaki ya kunong'ona.

Basi kazi ikawa kumvalisha, kumlisha, kumshika mkono mpaka chooni na kumgeuza usiku, maana mwenyewe hawezi kujigeuza. Halafu ng'ombe wanasubiri. Halafu maharage yanataka palizi. Halafu punda apelekwe kisimani kwa maji. Wanawe wa kiume walishahamia mbali pamoja na wake zao, wakipiga simu wanauliza hali ya mzee, wakishajibiwa wanasema tunawaombea. Haya, ombeni. Aliyepiga kila wiki bila kukosa ni Bernadina, kitinda mimba, karani wa mahakama kule Arusha. Ndiye aliyeleta habari ya maji.

"Mama, kuna maji ya haidrojeni," alisema.

"Haidrojeni ndiyo nini tena?"

"Ni gesi. Kuna chupa maalumu, unabonyeza, gesi inaingia kwenye maji, mgonjwa anakunywa. Baba wa mwenzangu hapa ofisini anatumia. Wanasema inasaidia mambo ya ubongo."

"Wanasema akina nani?"

"Watafiti, mama. Japani huko. Sijui sana, ila haina madhara, na vidonge anaendelea navyo kama kawaida. Tujaribu tu." Kisha akaja na lile jambo lenyewe. "Tujaribu mpaka Pasaka. Nikija likizo nikamkuta hana nafuu, namchukua nakaa naye huku. Nimeshapata na mama mmoja wa kumwangalia mchana. Wewe upumzike. Mama, ukiendelea hivi tutakuzika wewe kabla yake."

Simu ya Severina ilikuwa ya kitochi, spika ya sikioni ilishakufa zamani, kwa hiyo kila aliyempigia alisikika nyumba nzima. Aligeuka kumtazama mzee. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, kichwa kimeinama, mkono unatetemeka juu ya goti. Amesinzia, alijisemea. Akamjibu binti yake sawa, tujaribu.

Lakini lile neno *upumzike* lilimwingia mwilini kama uji wa moto siku ya baridi. Alikwenda nalo zizini, akakamua nalo, akarudi nalo. Alijiona amelala kuanzia jioni mpaka jua liingie dirishani, hakuna anayemwita. Hakuwaza kingine, kulala tu. Kisha akakumbuka kwamba ili alale hivyo ni lazima maji yashindwe, na mume wa ujana wake apakiwe kwenye gari kama mzigo, apelekwe mjini kwa watu asiowajua. Akaona aibu. Alimwaga maji ya kunawia nje kwa hasira kama vile kuna mtu amemtukana.

Chupa ilikuja kwa basi. Severina aliifuata Katesh siku ya mnada, akaibeba chini ya kanga asije akaulizwa na kila mtu ni kitu gani. Ilikuwa nzuri, usiseme. Nyembamba, kioo kitupu, kitako cha chuma chenye kitufe. Ukiijaza maji ukabonyeza, taa ya buluu inawaka na mapovu madogo madogo yanapanda, mengi, kama maji yanataka kuchemka na bado ni ya baridi. Chaji yake waliichomeka kwenye sola ileile ya simu. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa herufi za Kichina, kwa hiyo ikatumika kuwashia moto. Jioni Bernadina alipiga simu, Severina akiwa zizini. Jirani aliyekuwa amepita kusalimia ndiye aliyempa mzee simu, akaenda zake, binti na baba wakazungumza peke yao. Severina aliporudi akauliza, "Amesemaje?" Mzee akanong'ona, "Anawasalimu."

Sasa sikiliza. Mzee wa Kiiraqw, tena mzee wa heshima kama Sulle, haweki mdomoni kinywaji kipya peke yake. Haiwezekani. Kinywaji ni cha watu. Wataitwa majirani, kitamiminwa kwenye kibuyu, kitaombewa, ndipo kinywewe kwa zamu. Na sala yenyewe siyo Baba Yetu, useme utamaliza kabla chai haijapoa. Ni slufay, sala ya wazee, ndefu, ya kupanda na kushuka, mzee mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Unaombea mvua, unaombea ng'ombe na malisho, watoto waliopo na ambao hawajazaliwa, mlima, njia, wasafiri, unaomba mabaya yote yachukuliwe na upepo. Zamani wilaya nzima ilimjua Sulle kwa slufay. Walikuwa wanakuja kumchukua kutoka mbali akaongoze kwenye harusi. Tangu sauti ikimbie, hakuna aliyemwita tena.

Severina alipomletea chupa siku ile ya kwanza, mapovu yanapanda, mzee alitikisa kichwa.

"Waite," alisema.

"Nani?"

"Hhando. Na Gidamis."

"Baba Bernadina, hii ni dawa, siyo pombe!"

"Waite."

Mgonjwa haulizwi uji, sawa, lakini huyu hakungoja kuulizwa. Aliufunga mdomo wake kama mtoto anayekataa kijiko. Severina akatoka nje akapaza sauti kuvuka shamba. Wakaja Hhando na Gidamis, wazee wenzake, wamejifunga mashuka, wamefurahi kuitwa. Maji yakamiminwa kwenye kibuyu. Sulle akaanza. Sauti ndogo hivyo, neno moja linatoka, la pili linasubiri, wenzake wakainama kumsikiliza, wakawa wanaitikia polepole. Ilichukua muda mrefu, maharage yaliyokuwa jikoni yakaungua. Ndipo kibuyu kikazunguka.

"Hayana ladha," alisema Hhando akipangusa mdomo.

"Ni ya Japani," alisema Gidamis, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu.

Ikawa hivyo kila siku. Wakati mwingine walikuja watatu, mara nyingine watano, maana habari ilienea kwamba kwa Sulle kuna maji yenye gesi yanayoombewa. Severina akawa na kazi ya ziada: kutoa viti, kuongeza chai, kuosha vikombe. Alinung'unika mpaka akachoka kunung'unika. Mzee hakuonyesha nafuu yoyote. Kijiko bado kilimwaga uji njiani, mguu bado uliganda kizingitini kama umepigiliwa msumari. Jambo moja tu lilimshangaza Severina. Ile sala ilikuwa inazidi kuwa ndefu. Kila siku Sulle aliongeza kitu, akaombea hata punda, hata barabara ya Singida. Wenzake walikuwa wanabadilisha miguu kwa kuchoka.

Zilikuwa zimebaki wiki chache Pasaka ifike alipokwenda zahanati kuchukua vidonge vya mzee. Aliyekuwa zamu ni nesi Bryson, kijana wa Mbeya, ambaye alikuwa hajaizoea baridi ya Gitting hata kidogo. Alikaa na koti na kofia ya sufu ndani ya chumba cha dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo na baridi?"

"Inaniua, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Yupo. Tunampa vidonge, na yale maji ya gesi aliyoleta binti yetu. Haidrojeni."

Bryson alicheka kidogo, siyo kwa dharau. "Nimesikia. Kijiji kizima kinanywa. Nilisoma kidogo habari zake, mama. Wanafanya utafiti kweli. Kwa ugonjwa kama wa mzee, wako waliojaribu kwa wagonjwa wachache wakaona kama kuna unafuu. Walipokuja kupima wagonjwa wengi zaidi, hawakuona tofauti. Kwa hiyo siwezi kukwambia yanaponya, na siwezi kukwambia ni uongo. Alimradi asiache vidonge."

"Haachi."

"Mnampaje?"

Severina akamweleza. Kibuyu, majirani, sala. Alipofika kwenye sala Bryson alishika kichwa.

"Jamani, mama! Hiyo gesi ni nyepesi kuliko zote duniani. Haikai. Unapobonyeza, mapovu yakiisha mtu anatakiwa anywe hapo hapo, tena kwenye chupa yenyewe. Ukimimina kwenye kibuyu mkaanza kuombea mpaka barabara ya Singida, imeshapaa yote. Mzee anakunywa maji ya kisimani tu."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini haijaharibika kitu. Leo ukifika mpe anywe kwanza, wasali baadaye."

Severina alishukuru, akafunga vidonge kwenye pindo la kanga, akaondoka. Njia ya kurudi inapanda, na yeye alipanda pole pole. Alikuwa na kitu mkononi sasa ambacho hakukitaka. Akisema, mzee ataanza kunywa gesi yenyewe. Huenda ikamsaidia, Bryson amesema hajui. Bernadina atakuja Pasaka, atasema basi tuhesabu upya, tumpe muda mwingine. Na yeye Severina ataendelea kumgeuza, kumfuta, kumvalisha, mvua na jua. Asiposema, Pasaka itafika, gari litakuja, naye atalala.

Alisimama katikati ya njia. "Mungu wangu, nisamehe," alisema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu. "Nimechoka."

Alipofika nyumbani walikuwa wameshakaa, Hhando, Gidamis na wengine wawili. Chupa ilikuwa inatoa mapovu juu ya stuli. Sulle alimtazama kwa ule uso wake usiosema kitu. Severina alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akachukua chupa, akamimina maji kwenye kibuyu, akaenda jikoni. Alisikia sala inaanza. Alikaa chini kwenye kigoda akaziba masikio kwa viganja, na hata hivyo alisikia wale wazee wakiitikia.

Siku zilizobaki alimhudumia vizuri kuliko zamani. Alimsongea ugali laini, alimnyoa ndevu, alimkalisha juani akamsugua miguu kwa mafuta. Mtu ukishaamua kumwacha mwenzio unakuwa mwema sana, na wema huo unauma. Usiku alikuwa anamgeuza huku machozi yanamtoka kama miaka yote, mzee asijue, au ndivyo alivyodhani.

Bernadina alifika Ijumaa Kuu na gari la kukodi kutoka Katesh, na begi jipya tupu la nguo za baba yake. Alimsalimu mama, akapiga magoti mbele ya baba. "Shikamoo baba." Mdomo wa mzee ukasogea, marahaba ikatoka bila sauti. Bernadina akampa kikombe ajaribu kukishika. Kikombe kikacheza, chai ikamwagikia magotini. Akamwomba atembee mpaka mlangoni. Mguu ukaganda palepale unapogandia siku zote. Bernadina alimrudisha kwenye kiti, akakaa pembeni yake akalia kidogo, kisha akapangusa uso kama mtu wa ofisini.

"Basi," alisema. "Tumejaribu. Jumatatu ya Pasaka tunaondoka naye."

Alianza kukunja nguo. Mashati mawili, suruali ya kanisani, shuka lake la kujifunga, kofia. Severina alikuwa amesimama akishika nguzo ya mlango. Alikuwa ameingoja saa hii, ameipigia hesabu kila asubuhi akikamua. Sasa imekuja, na alichokuwa anaona ni lile shuka jekundu la mume wake linaingizwa kwenye begi la mtu mwingine. Ikamshinda.

"Hajayanywa," alisema.

"Nini, mama?"

"Yale maji. Hajawahi kuyanywa hata siku moja. Gesi inapaa. Wanaisalia mpaka inapaa yote. Nesi Bryson aliniambia, nikanyamaza. Nilinyamaza makusudi, Bernadina. Nilitaka yashindwe ili umchukue, nilale. Haya, mama yako ndiye huyu."

Bernadina aliacha shati nusu limekunjwa. Hakukasirika; alionekana kushangaa kwa jambo jingine.

"Lakini mama, mimi nilimwambia baba."

"Ulimwambia nini?"

"Siku ile chupa ilipofika. Nilimwambia kwenye simu, baba, kunywa mara moja yakiwa na mapovu, usiyaweke, gesi inatoka haraka. Nikamwambia mara mbili. Akasema amesikia."

Wote wawili wakamgeukia mzee. Alikuwa amekaa vilevile, uso umeganda, mkono unacheza gotini. Severina alimsogelea akainama mbele yake.

"Baba Bernadina. Ulijua?"

Mdomo ukasogea. Severina akaweka sikio karibu, na Bernadina akaja akainama upande wa pili.

"Nilijua," alisema mzee.

"Sasa kwa nini? Kwa nini uliita watu? Kwa nini ulirefusha sala?"

Ilimchukua muda kupata pumzi. "Simu yako inasikika," alisema. "Yakishindwa, naondoka. Wewe unalala." Akapumzika. "Unalia ukinigeuza. Nikasema, acha gesi itoke."

Nje ng'ombe walikuwa wanalia kutaka maji.

Severina alinyanyuka, na kilichomjaa hakikuwa huruma, au siyo huruma peke yake. Kilikuwa hasira. "Mzee mkaidi wewe!" alisema. "Miezi yote hii! Nimetoa viti, nimechemsha chai, nimeosha vikombe vya Gidamis na ndevu zake, nimebeba dhambi moyoni mpaka nashindwa kwenda kuungama, kumbe na wewe unafanya hilohilo! Hukuweza kufungua mdomo ukaniambia, mama, umechoka?"

"Sauti haipo," alisema mzee.

Severina akacheka. Hakutaka, ilimtoka tu, na kicheko hicho kikageuka kilio, akakaa chini sakafuni pale pale miguuni kwake akalia kama mtoto, na ule mkono unaotetemeka ukashuka taratibu ukatua kichwani mwake, ukawa unampigapiga bila kukusudia.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga. Akamtazama binti yake.

"Likizo yako ni ya siku ngapi?"

"Mwezi mzima, mama. Nilichukua yote, nimzoeze baba kule."

"Utamzoea hapa hapa. Rudisha nguo kabatini. Mwambie mwenye gari asirudi Jumatatu. Umeleta mashine, asante, sasa lete mikono. Na kaka zako wapigie leo hii. Waambie mama amesema kila mmoja atakuja mwezi wake, kwa zamu, na asiyeweza aseme mbele ya baba yake kwamba hawezi."

"Na maji, mama?"

"Atayanywa. Yasaidie, yasisaidie, atayanywa yakiwa na mapovu, sala itafuata nyuma."

Bernadina alisimama katikati ya chumba na viatu vyake vya mjini, akitazama begi, akimtazama baba yake. Kisha akavua viatu.

Severina aliingia chumbani. Ilikuwa bado mchana, jua liko juu, kuku wanapita uani. Alijilaza na kanga yake na matope yake ya shambani, akaelekea ukutani. Kule sebuleni alisikia Bernadina akimvua baba yake ile suruali iliyolowa chai, akihangaika, akipumua kwa nguvu. Akasikia shati linavutwa, na mzee anaguna.

"Mama!" aliita Bernadina. "Mama, huu mkono unaingiaje?"

Severina alisikia vizuri kabisa, na jibu alikuwa nalo. Hakuitika.